Alamu Isiyomwambia Mtu Afanye Nini

Leo nataka tuzungumze juu ya chumba ambacho wengi wetu hatutakiingia maishani, ingawa kila tunapowasha taa nyumbani tunawategemea watu walioketi humo. Ni chumba cha kuendeshea mitambo katika kituo cha kufua umeme. Humo hukaa watu wachache, zamu baada ya zamu, usiku na mchana, mbele ya vipimo, taa na skrini. Beringi ikipata joto kupita kiasi, presha ya mvuke ikipanda, au pampu ikisimama ghafla, taa huwaka na king'ora hulia. Hiyo ndiyo alamu.

Wengi wetu tunaamini kwamba alamu zikiwa nyingi, usalama nao unakuwa mwingi. Mwenye kituo hujisifu kwamba kila bomba lake lina kipimo na kila kipimo kina alamu. Mimi nasema hivi: alamu nyingi zisizopangwa ni hatari kwa kituo, kwa wafanyakazi wake na kwa nchi inayotegemea umeme wake. Sisemi kwa kukisia. Ajali kubwa zimekwisha kutufundisha, na ripoti zake zimeandikwa.

Twende kwanza Marekani, katika jimbo la Pennsylvania. Karibu na mji wa Harrisburg, katikati ya mto Susquehanna, kuna kisiwa kinachoitwa Three Mile Island. Mwaka 1979 kisiwa hicho kilikuwa na vinu viwili vya nyuklia vya kufua umeme. Kinu cha pili kilikuwa kipya kabisa. Kilianza kuuza umeme tarehe 30 Desemba 1978, na hata miezi mitatu haikutimia kabla mambo hayajaharibika.

Tarehe 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri, pampu zinazopeleka maji kwenye mitungi ya kutengenezea mvuke zilisimama. Turbini nayo ikajisimamisha. Joto likakosa pa kwenda, presha ndani ya kinu ikapanda, na vali ya kupunguzia presha ikafunguka. Sekunde nane tangu hitilafu ianze, kinu chenyewe kikajizima. Mpaka hapo mitambo ilifanya kama ilivyosanifiwa. Presha iliposhuka, vali ile ilipaswa kujifunga. Haikujifunga. Ilikwama wazi, na maji ya kupoozea kinu yakaanza kukimbia kupitia hapo.

Sasa sikiliza waendeshaji waliona nini. Kwenye ubao wao palikuwa na taa ya vali hiyo. Taa ikazimika, nao wakaelewa kwamba vali imefunga. Kumbe taa ile haikuwa na habari na vali yenyewe. Ilikuwa imeunganishwa na umeme unaoiamuru vali. Kuzimika kwake kulimaanisha kwamba amri ya kufunga imetolewa. Kama vali imetii au imekaidi, taa haikujua, na aliyeitazama asingeweza kujua.

Hilo ni jambo moja. Wakati huohuo alamu zilikuwa zinamiminika. Katika dakika chache za mwanzo ziliwaka na kulia alamu zaidi ya 100, na hapakuwa na njia yoyote ya kuzinyamazisha zisizo muhimu ili zilizo muhimu zionekane. Pampu za dharura zilikuwa zimewaka, lakini vali mbili kwenye njia ya maji yake zilikuwa zimefungwa. Kadi ya njano ya matengenezo ilining'inia ubaoni ikafunika taa ya mojawapo. Ilichukua dakika nane kuligundua hilo. Kipimo cha tangi linalopokea maji ya ile vali iliyokwama, ambacho kingewaonyesha kwamba maji bado yanatoka, kiliwekwa nyuma ya ubao, mahali ambapo aliyesimama mbele hawezi kukiona. Na printa ya kompyuta iliyokuwa ikiandika alamu kwa mfuatano ilizidiwa kabisa. Ilifika mahali ikawa inaandika mambo yaliyotokea zaidi ya saa mbili na nusu nyuma, na kuna wakati karatasi zilikwama, kumbukumbu nyingine zikapotea.

Waendeshaji wakaona kipimo kimoja kikisema maji yamejaa mno. Wakakiamini. Wakapunguza maji ya dharura yaliyokuwa yakiingia kwenye kinu, yaani wakapunguza kile hasa ambacho kinu kilikihitaji. Njia ya ile vali iliyokwama ilikuja kufungwa saa kumi na mbili na dakika 22 asubuhi, saa mbili na dakika 22 baada ya hitilafu kuanza, mara baada ya mkuu wa zamu mwingine kuwasili, mtu ambaye hakuwamo chumbani wakati ving'ora vilipoanza. Katika ajali hiyo karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka. Mionzi iliyotoka nje ilikuwa kidogo na hakuna aliyekufa papo hapo, lakini kinu kile hakikuwaka tena. Kazi ya kukisafisha iliendelea hadi mwaka 1993 na iligharimu kiasi cha dola bilioni moja.

Rais Jimmy Carter aliunda tume ya uchunguzi chini ya John Kemeny, mwanahisabati aliyekuwa mkuu wa Chuo cha Dartmouth. Mmoja wa waendeshaji waliokuwa zamu alfajiri ile alieleza kwamba alitamani kuung'oa ubao wa alamu na kuutupa, kwa sababu haukuwa ukimpa habari yoyote ya maana. Msikilizaji, pima uzito wa maneno hayo. Chombo kilichowekwa pale kwa fedha nyingi ili kimsaidie mtu wakati wa shida, wakati wa shida ulipofika kikawa ni sehemu ya shida.

Wanaume wale walikuwa wamefuzu, wana leseni za kazi yao, na wamepata uzoefu wa vinu vya nyuklia katika jeshi la majini la Marekani. Hawakuwa wazembe, wala hawakuwa wamelala. Ripoti ya Tume ya Kemeny, iliyotoka Oktoba mwaka huohuo, iligusa makosa yao, lakini haikuishia hapo. Iligusa mafunzo waliyopewa, taratibu walizoandikiwa, ubao waliowekewa, na mamlaka iliyopaswa kuvisimamia vituo hivyo. Hilo ndilo fundisho la kwanza ninalotaka tulishike. Kosa linaloonekana limefanywa na mtu saa kumi alfajiri mara nyingi lilikwisha kuwekwa ukutani miaka kadhaa kabla, mchana kweupe, na watu waliokuwa wakichora ramani ya chumba.

Tujiulize basi: alamu ni nini hasa? Wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ile ilikuwa na nguvu kwa sababu haikupigwa ovyo, na kwa sababu aliyeisikia alijua inamtaka atoke nyumbani. Mbiu inayopigwa kutwa kucha, kwa harusi, kwa mvua na kwa mbuzi aliyepotea, siku adui akija hakuna atakayeinuka. Alamu ya mtamboni ina sharti lilelile. Wataalamu wa fani hii wamekubaliana kwamba kitu hakistahili kuitwa alamu mpaka kitimize mambo mawili: kieleze hali isiyo ya kawaida, na kimtake mwendeshaji achukue hatua ndani ya muda fulani. Kikikosa mojawapo, hiyo ni taarifa tu. Iwekwe kwenye kumbukumbu, isomwe kwa nafasi, lakini isipewe king'ora.

Maana fikiria kazi anayoifanya mtu alamu moja inapolia. Aisome. Aielewe. Aangalie kipimo cha pili kuhakikisha kwamba cha kwanza hakidanganyi. Aamue. Atende. Kisha asubiri aone kama alichotenda kimefaa. Hayo hayafanyiki kwa sekunde mbili. Ndiyo maana mwongozo namba 191 wa EEMUA, chama cha Uingereza cha watumiaji wa vifaa vya kihandisi, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1999, unapendekeza kwamba kituo kikiwa kimetulia, mwendeshaji mmoja apate wastani wa alamu isiyozidi moja kwa kila dakika 10. Na hata mtambo ukipata msukosuko mkubwa, katika dakika 10 za mwanzo alamu zisifike 10. Baadaye Wamarekani waliandika kiwango chao, ISA-18.2, mwaka 2009, na mwaka 2014 kikaja kiwango cha kimataifa, IEC 62682. Vyote vinafuata njia hiyohiyo: kupima uwezo wa binadamu kwanza, ndipo kupanga alamu zimfuate yeye.

Mwongozo ule wa 1999 ulikuwa na sababu iliyokuwa bado mbichi. Tarehe 24 Julai 1994, huko Milford Haven, Wales, kiwanda cha kusafisha mafuta kililipuka baada ya saa kadhaa za msukosuko ulioanzia kwenye dhoruba ya radi. Najua hicho hakikuwa kituo cha umeme, lakini chumba cha kuendeshea mitambo ni kilekile: skrini zilezile, binadamu yuleyule. Katika dakika 11 hivi za mwisho kabla ya mlipuko, waendeshaji wawili walishushiwa alamu 275. Hiyo ni wastani wa alamu 25 kila dakika. Hakuna mwanadamu anayeweza kuzisoma, achilia mbali kuzifanyia kazi. Kwenye orodha ya alamu za kiwanda kile, karibu tisa katika kila kumi zilikuwa zimepewa daraja la juu la dharura. Na huko nako palikuwa na vali ambayo skrini ilisema imefunguka, ilhali imefungwa. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu Pennsylvania.

Utauliza, kwa nini alamu huzaana hivyo? Sababu ya kwanza ni urahisi wake. Zamani kila alamu ilikuwa kidirisha cha kioo chenye taa nyuma yake. Kuongeza moja ilibidi utoboe ubao, uvute nyaya kutoka mtamboni na utafute nafasi ukutani. Gharama hiyo iliwalazimu wahandisi kufikiri kabla ya kuongeza. Kompyuta zilipoingia, gharama ikatoweka. Kipimo kimoja cha joto sasa kinaweza kupewa alamu ya juu, ya juu zaidi, ya chini, ya chini zaidi, ya kupanda kwa kasi, na ya kipimo chenyewe kuharibika, zote kwa kubofya mara chache. Mtengenezaji huleta mfumo ukiwa na hizo zote zimekwisha kuwashwa, mkandarasi anaziacha kama zilivyo, na mwenye kituo anazipokea kwa tabasamu.

Sababu ya pili inauma zaidi, nayo ni woga. Baada ya kila hitilafu hukaa kamati, na kamati haitaki kutoka mikono mitupu. Basi hupendekeza alamu moja zaidi. Anayeongeza alamu hakuna siku ataulizwa. Anayeiondoa, siku jambo likitokea, ataitwa ajieleze kwa nini aliiondoa. Kwa hiyo kila mtu anaongeza, hakuna anayepunguza, na mzigo wote unashukia bega la yule aliye zamu usiku. Kila alamu peke yake ina mtetezi wake. Zote kwa pamoja hazina.

Haya, tiba yake ni nini? Habari njema ni kwamba tiba inajulikana, na sehemu kubwa yake haihitaji kununua mtambo mpya. Inahitaji watu kukaa kitako na kufanya kazi ya subira.

Kazi ya kwanza ni kuipitia orodha yote, alamu moja baada ya nyingine. Wanakaa mezani mhandisi wa mitambo, fundi wa vipimo, mtu wa matengenezo, na mwendeshaji mwenyewe anayekesha na skrini hizo. Bila huyo wa mwisho kikao hicho ni bure. Kwa kila alamu wanauliza maswali manne. Inaonya juu ya nini? Ikipuuzwa, kitatokea nini? Mwendeshaji ana muda gani kabla hakijatokea? Na afanye nini? Jibu la swali la mwisho likiwa ni kwamba hana la kufanya, alamu hiyo imekosa haki ya kuwapo. Majibu yanaandikwa na kutunzwa, ili miaka 10 baadaye kijana atakayerithi kiti hicho ajue kwa nini kiwango kimewekwa pale kilipo.

Kazi ya pili ni kuzipa daraja. Mwongozo wa EEMUA unashauri kwamba katika kila alamu 100, ziwe kama 5 tu za daraja la juu kabisa, kama 15 za kati, na 80 zinazobaki za chini. Daraja lisigawiwe kwa ukubwa wa mashine wala kwa cheo cha mhandisi aliyeisanifu. Ligawiwe kwa mambo mawili: ukubwa wa madhara, na ufupi wa muda uliobaki. Pale ambapo zote ni za dharura, hakuna ya dharura.

Kazi ya tatu ni kuwatafuta wasumbufu. Kompyuta hutunza kumbukumbu za alamu zote, na ukizihesabu kwa mwezi mmoja mara nyingi utakuta kwamba idadi ndogo ya alamu ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya makelele. Moja ni kipimo kibovu ambacho ombi la kukitengeneza limelala kwenye faili. Nyingine ni ile inayowaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, kwa sababu joto linacheza juu ya mpaka. Tuseme imewekwa iwake kwenye nyuzi 80 na izimike mara joto likishuka chini ya 80. Joto likipanda kidogo inalia, likishuka kidogo inanyamaza, kutwa nzima. Dawa yake ni nyepesi: iwake kwenye 80, lakini isizimike mpaka joto lishuke hadi 78. Au ingoje sekunde chache kuhakikisha kabla ya kulia. Fundi mmoja, asubuhi moja, anaweza kumwondolea mwenzake adha iliyomtesa miaka.

Kazi ya nne ni kuifundisha kompyuta itambue mtambo uko katika hali gani. Chukua mashine ya umeme wa maji iliyosimamishwa kwa matengenezo. Maji ya kupoozea hayapiti kwa sababu yamefungwa makusudi. Presha ya mafuta imeshuka kwa sababu pampu imezimwa makusudi. Mzunguko ni sifuri kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa. Kama mfumo haukuambiwa kwamba mashine imesimama, utatoa alamu kwa kila moja ya hayo, nazo zitakaa kwenye skrini wiki nzima zikimeremeta. Mwendeshaji atazizoea. Atazoea kuona wekundu. Kisha siku wekundu mpya utakapotokea kwenye mashine iliyo jirani na inayofanya kazi, jicho lake litapita juu yake. Lengo la wataalamu ni kinyume cha hapo: mtambo ukiwa mzima na mambo yakienda sawa, ubao wa alamu uwe mweusi, usiwe na taa hata moja. Hapo taa moja ikiwaka, chumba kizima kinageuka kuitazama.

Na kuna hali nyingine inayohitaji akili hiyohiyo. Mashine ikijizima ghafla, hitilafu moja huzaa nyingine 20 ndani ya sekunde chache. Mwendeshaji anataka kujua moja tu: ipi ilikuwa ya kwanza? Mfumo uliopangwa vizuri unamwonyesha hiyo juu kabisa, na yale matokeo yaliyotarajiwa unayapeleka kwenye kumbukumbu.

Lakini msikilizaji, nisieleweke kwamba dawa ni kuzima ving'ora. Kunyamaza nako kunaua. Tarehe 14 Agosti 2003, huko Akron, jimbo la Ohio, kampuni ya FirstEnergy ilikuwa ikiongoza njia zake za umeme kutoka chumba chake cha uendeshaji. Saa nane na dakika 14 mchana, programu ya alamu ilisimama kwa sababu ya kasoro iliyojificha ndani yake. Haikutoa ishara yoyote kwamba imesimama. Mafundi wa kompyuta walikuja kuona kompyuta zimeanguka, wakaziwasha upya, lakini waendeshaji hawakuambiwa kwamba alamu hazifanyi kazi. Kuanzia saa tisa na dakika 5 hadi saa tisa na dakika 41, njia tatu kubwa za kilovolti 345 zililegea kwa joto la mzigo, zikagusa miti ambayo haikupunguzwa, zikakatika moja baada ya nyingine. Chumbani kukawa kimya. Watu wa makampuni jirani walipiga simu wakiuliza kuna nini, na waendeshaji hawakuona cha kuwatia wasiwasi, kwa sababu hakuna alamu iliyolia. Baada ya saa kumi na dakika 10 jioni gridi ikaanguka. Watu wapatao milioni 50 katika majimbo manane ya Marekani na jimbo la Ontario nchini Kanada wakakosa umeme, na mzigo uliopotea ulikuwa megawati 61,800.

Chumba cha Akron hakikuwa cha kituo cha kufua umeme, kilikuwa cha kuongoza njia za umeme. Lakini kinatufundisha upande wa pili wa jambo hilihili. Mfumo wa alamu lazima wenyewe uwe na alamu. Na alamu ikizimwa kwa muda, iwe kwa ajili ya matengenezo au kwa sababu kipimo chake ni kibovu, iandikwe nani kaizima, lini, kwa nini, na itarudishwa lini. Na orodha hiyo isomwe kwa sauti kila zamu inapokabidhiana. Kuzima kimyakimya kwa kidole, kwa sababu mtu amechoshwa na makelele, ndiko kunakozaa Akron nyingine. Mfumo wenye nidhamu humpa mwendeshaji njia halali ya kujipatia utulivu, ili asijitafutie njia ya panya.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 7 Juni 2016 Kenya iliingia gizani nchi nzima baada ya tumbili mmoja kuangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana. Magazeti ya dunia yaliandika habari ya tumbili, watu wakacheka. Lililopaswa kutushughulisha ni maelezo ya KenGen, kampuni inayoendesha kituo hicho: transfoma ilijikata, mashine nyingine kituoni zikazidiwa na mzigo, nazo zikajikata, na megawati zaidi ya 180 zikapotea. Hivyo ndivyo hitilafu moja inavyozaa nyingine, kokote duniani, na huo ndio wakati ambapo mtu aliye mbele ya skrini anahitaji kuambiwa lililo kweli, kwa ufupi, kwa mpangilio.

Na mitambo yetu inakua. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mashine tisa zenye uwezo wa jumla ya megawati 2,115. Olkaria inafua umeme kwa mvuke wa ardhini. Dar es Salaam ina mitambo ya gesi ya Kinyerezi. Kadiri kituo kimoja kinavyobeba sehemu kubwa ya mzigo wa nchi, ndivyo dakika 10 za mkanganyiko katika chumba chake zinavyokuwa ghali kwa hospitali, kwa kiwanda, kwa pampu ya maji ya mji, kwa mama mwenye jokofu la samaki sokoni.

Kwa hiyo nina maombi, nayasema kwa dhati. Kwa wanaosaini mikataba ya kununua mitambo: msipokee mfumo wa alamu kama ulivyotoka kiwandani. Andikeni ndani ya mkataba, kabla ya malipo ya mwisho, kwamba orodha ya alamu itapitiwa pamoja na waendeshaji wetu, kwa lugha wanayoifahamu, na kwamba idadi ya alamu kwa saa itapimwa na kuonyeshwa. Ni rahisi kudai hilo wakati mkandarasi bado anasubiri hundi kuliko miaka mitano baada ya yeye kuondoka.

Kwa mameneja wa vituo: ombeni ripoti ya alamu kila mwezi kama mnavyoomba ripoti ya megawati zilizofuliwa. Ngapi zimelia? Zipi kumi zimelia kuliko zote? Zipi zimewaka zaidi ya siku moja bila kuzimika, na fundi gani anazishughulikia? Meneja akiuliza maswali hayo miezi mitatu mfululizo, mambo yatabadilika.

Kwa walimu wa uhandisi katika vyuo vyetu: wafundisheni vijana kwamba kipimo si mwisho wa kazi. Mwisho wa kazi ni mtu anayekisoma akiwa amechoka, saa kumi alfajiri, huku simu inaita. Taa iseme vali iko wapi, isiseme vali iliamriwa nini. Kijana atakayelishika hilo ameshika fundisho la Three Mile Island lote.

Na kwa kamati zinazoundwa kila gridi inapoanguka: kabla ya kuuliza nani alikosea, ulizeni aliyekuwa zamu aliona nini, na kwa mfuatano upi. Chukueni kumbukumbu za alamu za nusu saa ile, mzihesabu, mjiulize kama nyinyi wenyewe mngeweza kuzisoma. Kisha msipendekeze alamu mpya hata moja mpaka muwe mmependekeza zipi ziondolewe.

Mwendeshaji wa mitambo ana macho mawili na akili moja, kama sisi sote, na hizo ndizo kinga ya mwisho ambayo nchi inayo mashine zinapokwenda kombo. Kila alamu inayowekwa mbele yake bila kumwambia afanye nini inampunguzia kinga hiyo. Alamu ya namna hiyo iondolewe, na iondolewe sasa, wakati mitambo imetulia na kuna nafasi ya kufikiri.